Uma Wenye Majani ya Mzabibu

Watu wa Kasense walikuwa na usemi wao: chakula apike yeyote, lakini meza aandike Mama Faith. Iwe kipaimara, iwe jubilei ya sista, iwe sendofu ya binti wa mwenyekiti, siku ikifika alitumwa mtu wa bodaboda akamchukue Justa, ndiye Mama Faith, nyumbani kwake, kule mashambani, mwendo wa nusu saa kutoka Sumbawanga mjini.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na minne, mwenye magoti mabovu na macho yasiyosamehe. Wapambaji wakishamaliza maputo na vitambaa vyao, yeye aliingia, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kazi. Sahani, upana wa kidole gumba kutoka ukingoni. Uma kushoto. Kisu kulia, makali yakiitazama sahani. Bilauri juu ya ncha ya kisu. Hata vyombo vikiwa vya plastiki vya kukodi, vyenye mikwaruzo na jina la mwenyewe limeandikwa chini kwa rangi ya kucha, alivipanga kana kwamba anakuja askofu.

Ufundi huo aliupata akiwa na miaka kumi na sita, kwenye kituo cha masista walikofundishwa wasichana kupika, kushona na kutunza nyumba. Mwalimu wake alikuwa Sista Evodia, Mfipa wa Nkasi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Ndiye aliyemwambia kwamba makali ya kisu hayamwelekei jirani, kwa sababu mezani hakuna adui. Miaka minne Justa aliandika meza za mapadri na wageni wa jimbo, na wakishakula alitoa vyombo, akaenda jikoni, akala chakula chake kwenye bakuli la bati akiwa amesimama. Hilo halikumuudhi. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini siku moja alikuwa anaosha kikombe chembamba chenye mstari wa dhahabu, akakiinua dirishani, na akaona vivuli vya vidole vyake mwenyewe kupitia kwenye udongo wake. Akasahau kazi. Sista Evodia akaja, akakitoa mkononi mwake taratibu.

"Hiki si cha kuchezea, Justa. Mikono yako ni ya jembe."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema leo kuna baridi. Pengine alisahau kabla ya chakula cha jioni. Justa hakusahau.

Aliolewa na Zenon, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu mrefu aliyesema maneno machache na kuyasema polepole. Zenon alikuwa na maksai wawili, Askari na Karani, na wazee wa Kasense walisema anazungumza nao kuliko anavyozungumza na mkewe. Walizaa watoto watatu. Wawili waliondoka wangali wachanga, akabaki Faith. Wakamsomesha kwa ulezi na kwa meza za watu, hadi akawa mwalimu wa shule ya msingi mjini. Na alipofika miaka ishirini na sita, akaja kijana mmoja fundi umeme, Flavian, na wazee wake, wakatoa posa kwa heshima, ikapokelewa. Sendofu ikapangwa mwezi wa tisa.

Ndipo mwezi wa tano picha zikaingia kwenye simu ya Justa.

Zilitumwa na dada yake, Bertilla, binti wa mama yake mkubwa, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani Kigoma. Bibi mwenye nyumba, mjane wa mfanyabiashara wa zamani, alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa wanawe na anauza kila kitu cha chumba cha kulia. Sahani za udongo, nyembamba, nyeupe, zenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu. Bilauri za kristali ambazo Bertilla alizigonga kwa ukucha na kurekodi mlio wake. Na visu, uma na vijiko vya fedha, mpini wa kila kimoja umechongwa majani ya mzabibu. Seti ya watu kumi na wawili, haikupungua hata kijiko.

Justa alisikiliza mlio ule wa bilauri mara nyingi, simu ikiwa sikioni. Kisha akampelekea mumewe picha pale zizini.

Zenon alitazama kwa muda. "Sahani ni sahani, Mama Faith. Tumbo halioni maua."

"Tumbo halioni, watu wanaona. Nimeandika meza za mabinti wa watu miaka thelathini. Huyu ni wangu, na ni mmoja."

"Faith ameviomba?"

"Mtoto mwenye adabu haombi."

Zenon akamkuna Karani kati ya pembe. Wiki mbili baadaye Karani aliuzwa mnadani, na Askari akabaki anazunguka zizini akinusa upande ambao mwenzake alikuwa analala.

Kulikuwa na suala la kuvileta. Bertilla hakuweza kuacha kazi, na mizigo ya namna ile haiachiwi mtu baki, kwa hiyo ilibidi Zenon aende. Yeye alitaka kwenda na kurudi kwa basi, njia ya Mpanda. Justa aliijua sifa ya barabara ile, vumbi na mashimo kilomita kwa kilomita.

"Barabara itavisaga vyote," alisema. "Rudi kwa ziwa. Maji hayana mashimo. Ukishuka Kipili utapata gari la kupanda huku."

"Mimi mtu wa mlimani. Hata mtumbwi sijawahi kupanda."

"Utapanda boti, si mtumbwi. Watu wanapanda kila siku na wanafika."

Alibisha kidogo, kwa namna yake ya kubisha, yaani alikohoa na kutazama mbali. Kisha akaenda.

Simu ya mwisho ilikuja jioni moja ya mwezi wa saba, kutoka Kigoma. Meli kubwa haikuwa inafanya safari siku hizo, kwa hiyo alikuwa amepata nafasi kwenye boti ya mbao yenye injini, iliyobeba abiria na magunia. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Justa hakuizoea.

"Nimenunua mapipa mawili ya plastiki, yale ya buluu yenye mfuniko wa kukaza. Kila sahani nimeifunga gazeti. Chini pumba za mpunga, juu pumba za mpunga. Hata ukiyapiga teke hayalii."

"Na vile vya fedha?"

"Viko kwenye begi langu."

"Zenon! Begi litaibwa humo botini ukisinzia tu. Vitoe. Vifunge kwenye kitenge, ujifunge kiunoni, chini ya koti, ukaze kama kibwebwe."

Zenon akacheka. "Nitakuwa kama mwanamke anayekwenda ngomani."

"Kaza vizuri," alisema Justa. "Mafundo mawili."

"Haya, mama. Mafundo mawili."

Siku ya tatu yake, kabla ya saa sita mchana, Justa alikuwa anapepeta ulezi juu ya turubai mbele ya nyumba. Akamwona Urbano, mdogo wa Zenon, anakuja na baiskeli. Urbano alikuwa mtu wa mpangilio, katekista wa kigango, mtu wa kuegesha baiskeli ukutani na kuifuta tandiko kabla ya kubisha hodi. Siku hiyo aliiachia ikaanguka njiani.

"Shemeji, weka chini ungo kwanza."

Akauweka.

"Ile boti imepinduka asubuhi, mbele ya visiwa vya Kipili. Upepo wa kusi. Tumepigiwa simu kutoka kule."

Na Justa akasema, "Na vyombo?"

Mdomo ulitangulia moyo. Alilisikia neno lile likiwa limeshatoka, likaning'inia kati yao, na Urbano akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akakaa juu ya ulezi, na ndipo akaanza kupiga kelele na kulitaja jina la mumewe.

Urbano alishuka Kipili siku ile ile. Watu tisa walikuwa wameokolewa. Waliowahi kushika mbao au madumu walifikiwa na wavuvi. Obed, kijana wa injini, alimweleza kwamba yule baba mrefu wa Sumbawanga alikuwa karibu naye majini. Hakuwa anajua kuogelea, lakini hilo halikuwa tatizo peke yake, kwa kuwa wengine pia hawakujua na walishika madumu. Yeye dumu lilipita mbele yake na hakulinyooshea mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini, tumboni, inahangaika na kitu. "Kama mtu anayefungua mkanda," alisema Obed.

Mapipa ya buluu yalielea. Yalifika ufukweni yenyewe, jioni ile ile, mifuniko imekaza. Zenon alipatikana siku ya tatu kwenye kina kifupi, mwendo wa saa moja kutoka pale. Urbano ndiye aliyemtambua mbele ya askari na mganga, na ndiye aliyefungua kitenge kiunoni. Mafundo yalikuwa yamevimba kwa maji. Ilimbidi kutumia meno.

Gari lililopandisha maiti kutoka ziwani hadi Kasense lilikuwa pikapu la kukodi. Jeneza lilikaa katikati, na pembeni yake, yamefungwa kwa kamba ili yasimbingirikie marehemu, mapipa mawili ya buluu. Wanawake walikuwa wamejipanga barabarani wakilia. Gari lilipopita na wakayaona mapipa, kilio kilikatika ghafla, kikaanza tena nyuma yake kikiwa na sauti tofauti.

Walimzika karibu na wanawe wawili. Siku ya nne baada ya maziko, Urbano aliingia chumbani alikokuwa amekaa Justa na akaweka kitenge mbele yake juu ya mkeka. Kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na kinanuka ziwa. Ndani mlikuwa na uma, visu na vijiko, vyote.

"Hivi alikuwa navyo mwilini," alisema. "Alivifunga mafundo mawili. Nisamehe nikiuliza, shemeji. Kaka yangu alikuwa anaweka hela kwenye soksi na kadi ya mpiga kura kwenye kofia. Hakuwa mtu wa kujifunga kitu kiunoni. Nani alimwambia ajifunge?"

Justa alivitazama vile vyombo. Majani ya mzabibu yalikuwa yameingia mchanga.

"Sijui," alisema. "Huenda Bertilla."

Urbano akaitikia kwa kichwa, akatoka. Na Faith alipouliza, baada ya siku kadhaa, kwa nini baba alipita ziwani wakati alikuwa anaogopa maji hata ya mto, Justa alikuwa ameshajua njia. Alisema baba yako aliamua mwenyewe, alitaka kuliona ziwa kabla hajazeeka.

"Baba?" alisema Faith. "Kuliona ziwa?"

"Mtu huwezi kumjua kabisa, mwanangu."

Sendofu iliahirishwa hadi mwaka uliofuata. Mvua zilipoanza, Justa alilima kwa jembe la mkono, kwa sababu maksai mmoja havuti plau, na alipata nusu ya shamba. Mapipa yalikaa kona ya chumba. Aliyafungua mwezi wa kumi na mbili, akiomba Mungu akute vipande tu, achote pumba na vigae, akavitupe, yaishe. Akatoa sahani ya kwanza, akafungua gazeti. Nzima. Ya pili, nzima. Bilauri nazo, zote kumi na mbili, zikilia kwa sauti ile ile aliyoisikia kwenye simu. Alivipanga sakafuni na kuvitazama, akatamani kuvikanyaga, na mguu haukutaka.

Alikwenda kuungama Pasaka. Padri, kijana mgeni katika parokia, alimwambia kwamba hakuna dhambi katika ushauri uliotolewa kwa nia njema, ila uongo aurekebishe. Akampa sala. Justa alisali zote. Uongo hakuurekebisha. Kila alipokutana na Urbano kigangoni alijiambia leo, na kila mara Urbano alimsalimu kwa upole uliomfunga mdomo.

Mwezi wa sita wa mwaka huo mpya, wiki mbili kabla ya sendofu, Faith alikuja nyumbani akamkuta mama yake amekaa kibarazani na bakuli la majivu na ndimu, anasugua uma. Fedha ilikuwa imekuwa nyeusi. Alikuwa ameshasafisha vijiko vyote.

"Mama, unafanya nini?"

"Naandaa meza yako."

"Tutakodi, Mama. Flavian ameshaongea na watu wa vyombo. Hivi viache."

"Baba yako alivifuata."

"Ndiyo maana nasema viache."

Justa hakuacha kusugua. "Nikivificha, basi amekufa bure. Unataka nimwambie alikufa kwa ajili ya vitu vya kukaa kwenye pipa? Kula navyo siku moja tu. Kisha sitakuomba kitu."

Faith aliitazama mikono ya mama yake, myeusi kwa majivu hadi kwenye viwiko. Akasema, "Sawa, Mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Siku ya sendofu mahema mawili yalisimamishwa uani. Justa aliamka mapema, akafukuza kila mtu kwenye meza kuu, akaiandika peke yake. Haikuwahi kuandikwa meza kama ile Kasense, na watu waliokuwepo bado wanalisema hilo, hata wale wanaomlaani. Kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi kikawa kama karatasi. Sahani kumi na mbili, maua ya buluu yote yakitazama upande mmoja. Jua la nyanda za juu, kali bila joto, lilipita kwenye bilauri na kumwaga rangi juu ya kitambaa. Vijana walikuja na simu zao kupiga picha. Mwanamke mmoja wa upande wa Flavian alimshika Justa mkono na kusema, "Mama, hata mjini hatujaona." Na Justa, ambaye kwa karibu mwaka mzima hakuwa amesikia kitu chochote kifuani zaidi ya uzito, alisikia furaha. Ilikuwa furaha kamili, na aliionea aibu, na hakuifukuza.

Wageni wakakaa. Faith na Flavian katikati, wazazi wa Flavian upande mmoja, na upande wa pili, katika kiti cha baba, akakaa Urbano. Mshereheshaji aliomba sala, Urbano akasali. Chakula kikaanza kuletwa. Mama yake Flavian alikuwa tayari amejaza bilauri yake soda.

Urbano akachukua uma. Akautazama mpini.

Justa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Urbano, mahali anaposimama mwandika meza. Urbano akageuza uma, akautazama upande wa pili, akauweka chini pale pale ulipokuwa, sawasawa kabisa.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. Hakuinua sauti, lakini kipaza sauti cha mshereheshaji kilikuwa mezani karibu na mkono wake, na kilimsikia. "Sahani nilijua. Nilisema moyoni, sahani ziliogelea zenyewe, hazina kosa. Lakini huu uma nimeufungua kwa meno yangu kiunoni mwa kaka yangu."

Mlio wa vijiko ukakoma meza nzima. Mama yake Flavian alikitoa kijiko mdomoni na kukishika hewani, hajui pa kukiweka.

"Bertilla nilimpigia simu," Urbano aliendelea. "Zamani. Alisema yeye aliviona vikiwekwa kwenye begi. Nikasema labda amesahau, sikutaka kumwona mtu mwongo. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, maana hapa nimekaa kwenye kiti chake. Nani alimwambia ajifunge?"

Mtu angeweza kudanganya tena. Wapo ambao tangu siku hiyo wanasema wao wangedanganya, wamwache mtoto aolewe kwa amani. Justa alimtazama Faith, aliyekuwa amegeuka kwenye kiti na shela yake, anasubiri jibu kama mtu mwingine yeyote pale.

"Mimi," alisema Justa. "Nilimwambia akaze mafundo mawili. Na ziwani nilimpeleka mimi. Yeye alitaka basi. Nilisema barabara itavunja sahani."

Hakuna aliyelia. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya nyumba, na mshereheshaji, kwa kukosa la kufanya, alikizima kipaza sauti.

"Mwaka mzima," alisema Urbano. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwaka mzima namwona anahangaika na lile fundo, na sijui alijifunga kwa nini." Akajifuta uso kwa kiganja. "Toa hivi vitu. Leteni sahani nyingine. Mtoto ale."

Faith alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, kwa mama yake. "Ulisema aliamua."

Justa akatoa vyombo. Alivitoa kama alivyofundishwa, kutoka mkono wa kulia wa mgeni, mmoja baada ya mwingine, bila kugonga sahani kwa sahani, mbele ya watu mia mbili waliokuwa kimya. Hakuna mwanamke aliyenyanyuka kumsaidia. Alipomaliza ya kumi na mbili, akarudi na sahani za plastiki na vijiko vya bati, akavipanga. Ya binti yake aliiweka mwisho. Kisha akaingia ndani, na kutoka huko alisikia muziki ukianzishwa, kwa kusitasita, na wali ukipakuliwa.

Harusi ilifungwa Jumamosi iliyofuata. Urbano alimkabidhi binti, akatimiza kila kitu ambacho baba hutimiza. Justa alikaa benchi la nne kanisani. Hakuna aliyemzuia kukaa la kwanza.

Baada ya hapo bodaboda hazikuja tena kumchukua. Watu hawakusema kwamba meza zake ni za msiba. Walisema siku hizi kuna mabinti wa mjini wanaofanya kazi hiyo, na huenda ilikuwa kweli. Vyombo alivirudisha kwenye mapipa. Walijitokeza wa kununua, mmoja kutoka mbali huko Kasesya mpakani, aliyesikia habari za fedha yenye majani ya mzabibu. Justa alimkaribisha kiti, akamwambia haviuzwi, na hakuweza kumweleza sababu, kwa kuwa mwenyewe hakuwa anaijua.

Urbano hakula tena nyumbani kwake. Lakini mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja, alikuja na maksai wake mmoja, akamfunga nira pamoja na Askari. Akalima siku tatu, shamba zima. Justa alimpelekea maji pale shambani. Akanywa maji, akashukuru, akarudisha kikombe. Uji alioleta haukuguswa. Mwaka uliofuata alikuja tena hivyo hivyo.

Faith hakupiga simu miezi minane. Justa alipata habari za mimba kwa watu wa kanisani, na habari za kujifungua kwa Flavian mwenyewe, aliyempigia akiwa na haya ya kijana mwenye adabu. Mtoto wa kike. Mama yake Flavian ndiye aliyekuwa anamtunza mzazi.

Alikwenda. Alibeba unga wa ulezi na kuku, akapanda gari hadi mjini, akatembea hadi nyumba ya kupanga waliyoishi. Faith alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani. Alikuwa amenenepa usoni na macho yalikuwa na usingizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchungu."

"Nimeshapoa."

Justa akakaa kwenye ukingo wa stuli, mikono magotini. Hakuomba kumshika mtoto. Nje, mama yake Flavian alikuwa anapiga nguo maji, akinyamaza kwa makusudi ili wasikilizane.

"Ungeniambia," alisema Faith hatimaye. "Si pale mbele ya watu. Mwanzoni. Tulipokuwa wawili tu, mimi na wewe, mbele ya kaburi."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Mama. Huo huo uliomwambia yeye."

Safari hii Justa hakutafuta uongo. Mtoto aliachia titi, akalala, na Faith akamtazama kwa muda, kisha akamnyanyua na kumwelekeza kwa mama yake, bila kusema chukua. Justa alimpokea. Alikuwa mwepesi kuliko kuku aliyemleta.

"Mnamwita nani?"

"Zena. Kwa ajili ya baba."

Walikaa hivyo hadi wingu lilipofunika dirisha. Faith akanyoosha mikono, akamrudisha mtoto kwake.

"Mvua inakuja. Utakosa gari."

Justa akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaenda mlangoni. Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja aliposikia sauti nyuma yake, kavu, ya mwalimu anayetoa agizo darasani.

"Mama mkwe anarudi kwake kesho. Mtoto anaogeshwa saa moja. Ukichelewa maji yanapoa."

Kesho yake alifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Geti lilikuwa bado limefungwa. Alisimama kando ya ukuta, kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu, akasubiri lifunguliwe.